Watumishi wa Mungu wa Uingereza

Kabla ya kila wimbo Mwalimu aliwageukia waumini na kutaja mwenye wimbo. Alifanya hivyo hata siku ambazo ibada ilichelewa na wazungu waliotuachia ukumbi wao alasiri walikuwa wameshaanza kuzima taa za korido. Wimbo huu ni wa kwaya fulani ya Uvira. Huu ni wa mama mmoja aliyekuwa akiuza dagaa mjini Baraka, alikuwa hajui kusoma, alitunga akitembea. Huu tumepewa na Wakenya wa kanisa jirani, tumebadilisha sauti ya tatu, wametukubalia. Watoto waliokuwa nyuma walimwigiza kwa kunong'ona, naye aliwasikia na kuendelea.

Kwa wimbo mmoja maelezo yalikuwa ya namna nyingine. Huo tuliuimba kwenye mazishi tu. Alisema, "Maneno ni yangu. Muziki ni wa watumishi wa Mungu wa Uingereza. Majina yao sijayajua bado." Neno lile "bado" hakuliacha hata siku moja.

Nilikuwa katibu wa kwaya yake kwa miaka sita, katika miongo ile ya kwanza ya karne hii ambapo familia kutoka mashariki ya Congo zilikuwa zikifika Minneapolis na Saint Paul kila mwezi. Mimi ni mtu wa Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kukagua mirija ya hospitali kiwandani, mmoja baada ya mwingine, chini ya taa kali. Kazi hiyo humfanya mtu atafute kasoro katika kila kitu, na nakiri kwamba Mwalimu naye nilimtazama hivyo mwanzoni.

Hakupiga kinanda. Alikuwa na kile kichuma chenye meno mawili cha kutolea sauti. Alikigonga gotini, akakisogeza sikioni, akatupa "do", na kutoka hapo hatukuwa na msaada mwingine. Noti zote aliziandika kwa sol-fa, kwa penseli, nyuma ya karatasi alizookota kazini kwake, kwenye chumba kikubwa cha kufulia cha hospitali ambako alikunja shuka. Upande mmoja wa karatasi palikuwa na idadi ya foronya, upande wa pili sauti nne za zaburi. Sauti ya kwanza wakichelewa mazoezi ya Alhamisi, aliwauliza kama walipitia maduka ya Roseville kununua viatu. Besi aliwaambia wanaimba kama watu wanaoomba lifti. Kijana mmoja Mkenya, muuguzi, alijitetea siku moja kwamba alikuwa ame-drive kutoka Inver Grove Heights kwenye snow yote ile. Mwalimu alimtazama kwa muda, akasema theluji hiyo hiyo haikuwahi kumzuia kwenda overtime. Kijana alicheka, akachukua karatasi yake. Ndivyo alivyoadhibu.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, nalo ni muziki wa dunia. Mpiga gitaa wa kanisa letu aligundulika akipiga rumba kwenye baa moja Saint Paul siku za Ijumaa. Mwalimu hakumfokea. Alimwita pembeni, akamwambia, "Sikukatazi kupiga. Ninakukataza kupigia pande mbili." Gitaa halikurudi kanisani. Kwenye harusi, ngoma zilipoanza baada ya keki, alichukua koti lake na kutoka. Nilimfuata mara moja kumpelekea kofia aliyoisahau. Nilimkuta ameegemea ukuta karibu na dirisha lililoachwa wazi kidogo, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukipiga mapigo ya rumba sawasawa, bila kukosea hata moja. Aliponiona alianza kukanyaga kwa miguu yote miwili, kama mtu anayefukuza baridi.

Nilimpa kofia.

Wimbo wa mazishi ulikuwa na noti ambazo nyimbo zetu nyingine hazikuwa nazo. Pale ambapo sikio linatarajia "ti", palikuwa na "ta", iliyoshuka nusu. Pale penye "mi" palishuka pia. Waimbaji wapya waliziona kuwa makosa ya kuandika na kuzisahihisha kwa vinywa vyao, naye akawasimamisha. Aliziita noti za machozi. Alifundisha pia kwamba kila mstari uanze kidogo baada ya pigo, si juu yake. Alitueleza kwamba watu wanaobeba jeneza hawatembei kama askari. Mmoja hutangulia, mwingine huchelewa, na bado jeneza linafika. Tuliuimba polepole mno. Niliwahi kuona wanaume wenye miili mikubwa wakishikilia viti walipousikia.

Nilimwuliza aliupata wapi. Alinieleza bila haraka, tukiwa ndani ya gari langu kuelekea kwake New Hope. Nyumbani kwao Congo kulikuwa na muuguzi Mwingereza wa misheni. Vita ilipokaribia aliondolewa, na siku ya kuondoka aligawa vitu vyake. Mwalimu alipewa kaseti. Upande mmoja ulikuwa na nyimbo za kanisa zilizopigwa kwa kinanda cha upepo. Upande wa pili ulikuwa na muziki usio na maneno kabisa: filimbi kubwa, besi, ngoma zinazopigwa kama kwa ufagio. Juu ya kaseti muuguzi alikuwa ameandika neno moja tu, "Muziki". Mwalimu alifikiri kama mtu yeyote wa pale angefikiri. Mmisionari, kaseti moja, upande huu Mungu. Upande ule awe nani tena?

Kaseti ilivuka ziwa pamoja naye. Katika kambi ya wakimbizi betri zilikuwa shida, na zilipokwisha watu walizianika juani ili ziseme tena kidogo. Mke wake alipofariki kambini, Mwalimu alikaa na redio yake ya kaseti siku kadhaa, akisikiliza upande wa pili, akiandika noti moja moja. Kisha akatia maneno. Tangu hapo watu wengi walizikwa nao, kule na huku. Mwanawe wa pili tulimzika nao hapa, na Mwalimu aliongoza mwenyewe.

Kaseti yenyewe ilikatika na kupotea. Zilibaki noti.

Mwaka ambao kwaya iliamua kurekodi, mtu wa studio alitaka orodha ya nyimbo na wenye nyimbo. Mwalimu alikaa na orodha hiyo wiki nzima. Kisha aliniita, akaniwekea mbele karatasi ya wimbo wa mazishi. "Katibu, wewe unajuaka kutafuta. Nitafutie ile majina. Vraiment, nimechoka kusema 'bado'."

Nilikuwa nimejifundisha kusoma muziki kwa vitabu vya maktaba, kwa hiyo nilifurahi kutumwa. Nilinakili sol-fa yake kwenye mistari mitano, nikapitia vitabu vya nyimbo za makanisa ya Uingereza, kimoja baada ya kingine. Hapakuwa na kitu. Jumamosi moja niliingia kwenye duka la santuri kuukuu Minneapolis. Mwenye duka, mzee mwenye ndevu, aliniomba niimbe. Niliimba kama tunavyoimba, polepole, na akatikisa kichwa. Nikaimba tena. Safari hii alianza kugonga kaunta kwa vidole, kwa kasi zaidi yangu, akanifanyia ishara niongeze mwendo. Nilipofika mstari wa pili alikuwa ameshanipa mgongo, anatafuta kwenye rafu.

Nilisikiliza kwa vifaa vya masikioni, koti likiwa bado mwilini. Ulikuwa ule ule. Noti zote zilikuwepo, zile za machozi pia. Lakini ulikimbia. Ulikuwa mchangamfu, wa watu wanaotabasamu wanapopiga, saksofoni ikitania na piano ikijibu. Nilisimama pale nikifanya hesabu ambayo sikuitaka: betri zilizoanikwa juani huzungusha kaseti taratibu, na sauti hushuka. Mwalimu hakuwahi kuusikia wimbo huu. Alichosikia ni betri zikifa.

Mwenye duka alinieleza mengine, na nilikwenda kuyahakiki maktaba. Walikuwa vijana wanne, kundi la pop lililokuwa maarufu kwao kwa nyimbo za redio za kupendwa na wasichana. Lakini walipenda jazi, na nyuma ya santuri zao ndogo waliweka vipande visivyo na maneno ambavyo walivipiga kwa namna hiyo, kwa kujifurahisha, wakiwaiga watu weusi wa Marekani waliowasikiliza utotoni. Baadaye vilikusanywa pamoja. Nilisikiliza vyote. Si wapigaji wa kutisha; mahali pengine mpiga ngoma anababaika. Ila wanasikilizana. Kipande chetu kilikuwa na jina la baa. Kwenye jalada walikuwa wamekaa kwenye viti virefu, sigara mikononi.

Nilinunua CD, nikaificha chini ya kiti cha gari.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mwalimu alinipigia simu kila jioni baada ya kazi, kwa neno moja: "Majina?" Nilimjibu kwamba bado natafuta. Mimi, ambaye kazini nautupa mrija wenye mkwaruzo usioonekana kwa macho, nilidanganya siku sita mfululizo. Nilijua kilichokuwa kwenye mizani. Mchungaji alikuwa amewazuia vijana wimbo mmoja mwaka uliopita kwa sababu tu ulifanana na tangazo la televisheni. Huu angeuzuia siku hiyo hiyo. Na kila nyumba iliyozika mtu wake kwa wimbo ule ingejiuliza ilizika kwa nini. Kwa upande mwingine, kama ningenyamaza, tungerekodi na kuusambaza kwa jina la watumishi wa Mungu ambao hawakuwapo.

Mke wangu alinisikiliza huku akivaa viatu vya kazi. "Mwambie," alisema. "Au uache kumwita Mwalimu." Alipofika mlangoni aliongeza kwamba nisipomwambia mimi, ataambiwa na mtoto wa mtu mwenye simu.

Nilikwenda New Hope Jumamosi adhuhuri. Alikuwa akipiga pasi mashati ya kwaya sebuleni. Wajukuu wake walikuwa chumbani, aliwauliza kwa Kiswahili kama wamekula, wakamjibu kwa Kiingereza kwamba tayari. Nilimwambia nimepata. Alisimamisha pasi wima, akafuta mikono kwenye suruali. Nikaweka CD.

Alisikiliza amesimama. Kwa sekunde chache hakuutambua. Niliona anasubiri ule wimbo uanze. Kisha uso ukabadilika. Uliisha, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu alinyoosha mkono kana kwamba anawaongoza, akijaribu kuwapunguza mwendo, na mkono ukashindwa kuwapata.

"Wanakimbilia wapi?" aliuliza.

Nikamweleza yote: betri, vijana, redio, baa. Sikulainisha. Niliongea nikitazama mashati. Nilipomaliza alikaa kwenye kiti cha plastiki na kunitazama kwa ukali ambao sikuwahi kuuona, hata kwa yule mpiga gitaa.

"Nilimzika mama ya watoto na hii."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa nini ulitafuta mpaka ukafika huko?"

"Ulinituma."

Ndani mtoto mmoja alicheka kitu kwenye televisheni. "Bon," alisema hatimaye. "Nilikutuma." Akaomba jalada. Alilishika mbali na macho, akawatazama wale vijana mmoja mmoja, sigara na viti vyao. Akauliza wao walijifunza kwa nani. Nikasema kwa Wamarekani weusi, kwa kusikiliza santuri. Akauliza kama waliwataja. Nikalipekua jalada lote tena mbele yake, ndani na nje. Hawakuwataja.

"Basi wao hawakutaja. Mimi nitataja."

Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia tunaweza kuuondoa kwenye orodha ya studio kimya kimya, tusirekodi, tuendelee kuuimba makaburini kama kawaida, hakuna atakayeumia. Nilikuwa nimepanga hoja hizo njiani kwa mpangilio mzuri. Aliniacha nimalize, kisha akanipa penseli na kuniomba niyaandike yale majina manne kama yanavyotamkwa, si kama yanavyoandikwa. Tulikaa mezani tukiyafanyia mazoezi. Jina la mpiga besi lilimshinda. Alilirudia mpaka mashati yakapoa.

Kesho yake, wakati wa kwaya, aliwageukia waumini. Alikuwa na karatasi mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema kwamba kwa miaka mingi aliwaambia muziki wa wimbo wa mazishi ni wa watumishi wa Mungu. Hakukusudia uongo, lakini haikuwa kweli. Ni wa vijana wa Uingereza, wapigaji wa muziki wa dunia. Akasoma majina manne. La mpiga besi alilitamka vibaya, akasimama, akalirudia. Nilisikia mabomba ya joto yakigonga ukutani. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa, na sikuweza kujua kama anaomba au ana hasira.

Mama mmoja alisimama katikati. Alikuwa mjane, tulimzika mumewe miezi minne kabla, ardhi ikiwa bado imeganda. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo, Mwalimu, papa yetu tulimzika na muziki ya baa?"

Wengine waligeuka kumtazama Mwalimu. Niliomba moyoni Mwalimu aseme kwamba maneno yalikuwa matakatifu, kwamba Mungu husikia moyo. Yote hayo yangekuwa kweli, na yangemwokoa.

"Ndiyo, mama," alisema Mwalimu. "Na wangu pia."

Yule mama alibaki amesimama kidogo, kisha akachukua mkoba wake na kutoka. Hatukuimba siku hiyo.

Kikao cha wazee kilichukua Jumamosi mbili. Niliandika kumbukumbu, na sitazieleza hapa zaidi ya uamuzi. Mwalimu abaki. Wimbo uondolewe: usirekodiwe, usifundishwe, usiimbwe na kwaya ya kanisa mahali popote. Waliomwuliza kama ana la kusema walitegemea atapinga. Alisema amesikia. Alhamisi iliyofuata alikusanya karatasi zote za wimbo ule, sauti nne, akahesabu kama zimetimia, akaziweka mfukoni. Kutoka siku hiyo alifundisha kwa usahihi ule ule, lakini utani wake kwa besi ulikwisha. Kabla ya kila wimbo aliendelea kutaja mwenye wimbo, kwa sauti ya chini zaidi, na kulikuwa na watu waliokuwa wakitazama sakafu wakati akitaja.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye kwa muda mrefu ilikuwa karibu miaka miwili baadaye. Aliyefariki alikuwa yule yule mama mjane. Tulimzika asubuhi kwenye makaburi ya Inver Grove Heights, upande wa mto, upepo ukipiga mahema. Kwaya iliimba nyimbo tatu zilizoruhusiwa, Mwalimu akaziongoza, zikaisha. Jeneza lilikuwa juu ya mikanda, tayari kushushwa. Mchungaji alikuwa ameshafungua Biblia. Hapo binti mkubwa wa marehemu alimwambia Mchungaji, bila kumtazama, kwamba mama yao aliwaachia neno: anataka ule wimbo aliozikwa nao papa.

Mchungaji alimtazama Mwalimu. Sote tulimtazama. Aliingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti na kubaki hivyo, kama mtu aliyeifungia ndani.

Binti hakungoja. Alifumba mdomo na kuanza kuutoa wimbo puani, bila maneno. Ndugu zake wakaingia, kisha watu waliokuwa nyuma, wale ambao hawakuwa wanakwaya na ambao hakuna kikao kilichowahi kuwakataza chochote. Noti za machozi zilikuwa mahali pake. Waliuvuta polepole, kama siku zote. Wanakwaya tulisimama midomo imefungwa, na namna ya kufunga mdomo ule iliniuma kuliko kulia. Mchungaji alifunga Biblia juu ya kidole chake, akasubiri. Hakuwasimamisha. Jeneza lilishuka na wimbo ukaisha karibu wakati mmoja.

Nilimrudisha Mwalimu New Hope kwa gari langu. Aligeukia dirisha. Nilidhani analia, nikashika usukani na kutazama mbele, nikimpa nafasi. Tulipotoka barabara kuu alifungua kinywa.

"Sauti ya pili wameharibu mstari wa tatu. Wanapanda mahali pa kushuka."

Nilimwambia nami nimesikia. Nikamkumbusha, kwa sababu ilikuwa kazi yangu kukumbusha, kwamba kwaya imekatazwa.

"Kwaya, ndiyo." Alifungua mkanda kabla gari halijasimama vizuri, akaweka mkono mlangoni. "Wale watoto wa marehemu hawako kwenye kwaya. Wapigie. Jumamosi, saa nne. Waje kwangu."